Mtoto alivishwa miwani ya VR akioshwa kidonda, mara ya pili akanyimwa dawa. Hii ni sawa kweli?

BabaNeema_Kayole (mwanzisha uzi)
Jumapili, saa 3:40 usiku

Wadau, salamu. Naomba ushauri, hasa kwa wauguzi na wazazi waliopitia haya.

Binti yangu ana miaka saba. Wiki tatu zilizopita alimwagikiwa na chai. Nyumba zetu mnazijua: chumba kimoja, meko ya kilo sita iko sakafuni karibu na mlango, sufuria juu yake. Alikuwa anatoka mbio kuitikia mwenzake nje, mguu ukagonga, chai yote ya maziwa ikaishia kwenye paja la kulia hadi chini ya goti. Jirani, kwa nia njema kabisa, akaja na dawa ya meno akampaka. Tulipofika hospitali nesi alianza kwa kuibandua ile dawa ya meno kabla hajakigusa kidonda chenyewe. Acha tu.

Tangu siku hiyo anaoshwa kidonda kila baada ya siku mbili. Mara za kwanza tulimshika watu watatu: mimi kifua, mama yake mikono, na bawabu aliyeitwa kutoka getini akashika mguu mzima. Gozi ya ndani, kile kitambaa cha kufungia, hushikana na kidonda. Wanaimwagia maji ya chumvi ilainike, kisha wanaivuta kidogo kidogo kwa kibano. Mtoto alikuwa analia hadi sauti inakwisha, unabaki mdomo wazi tu.

Tukahamia kituo kingine (sitakitaja, naomba msinibembeleze). Huko kuna miwani ya VR (uhalisia pepe: unaona dunia ya kompyuta pande zote), ile kubwa inayofunika macho yote kama ya kuogelea. Siku ya kwanza walimpa dawa ya maumivu ya kunywa, tukakaa kwenye benchi kama dakika arobaini, ndipo wakamwita. Akavishwa. Yuko chini ya bahari, samaki wanampita, anafungua makombe kwa kuyatazama. Nilikuwa nimejiandaa kumshika kifua kama kawaida. Sikumshika. Alisema "aii" mara mbili, tatu, halafu anarudi kwa samaki wake. Gozi ilipotoka alikuwa anamuuliza nesi kama kasa ana miguu au ana mabawa.

Mara ya pili, zamu nyingine, foleni ndefu, nesi ana haraka. Nikauliza dawa ya kunywa iko wapi. Nikajibiwa: "Si ana miwani?" Basi. Kibano kilipogusa tu, mtoto aliing'oa miwani akaitupa. Sasa hataki hata kuiona. Kesho kutwa tunarudi, na kuanzia leo jioni amekataa kula.

Swali langu: hii miwani inachukua nafasi ya dawa, au nilidanganywa?

Mama_Ryan
Jumapili, saa 3:58 usiku

Woi, pole sana Baba Neema. Mungu amponye mtoto. Wa kwangu alidungwa sindano ya mshipa mara nne ndipo wakaupata, nikatoka nje nikalia kwenye korido. Niko hapa kusoma majibu.

Mzee_wa_Eastlands
Jumapili, saa 4:15 usiku

Pole kwa mtoto. Lakini niruhusuni niseme. Juzi nilimpeleka mjukuu mahali nikatumwa duka la dawa ninunue glavu na pamba ndipo ahudumiwe. Glavu! Halafu mtu ananiambia habari ya miwani ya samaki. Sisi tulikandamizwa na wanaume wanne tukatobolewa majipu na tukapona.

Nesi_wa_Zamu
Jumapili, saa 4:52 usiku

Baba Neema, pole. Nimefanya kazi wadi ya walioungua kwa miaka 11 hapa hapa Nairobi, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Jibu fupi: hapana, si sawa. Miwani haikubuniwa ikae mahali pa dawa.

Kazi hii ilianzia Seattle, Marekani, miaka ya 1990, kwenye kitengo cha walioungua cha hospitali ya Harborview. Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington ndio wanaojulikana zaidi. Mchezo wao unaitwa SnowWorld: mgonjwa anapita kwenye bonde la barafu huku akirusha mipira ya theluji. Umeungua, unapelekwa kwenye baridi. Mwaka 2000 walichapisha habari za vijana wawili, wa miaka 16 na 17, waliohudumiwa vidonda vya moto wakiwa na VR, kisha wakiwa na mchezo wa kawaida wa video kwenye skrini. VR ilipunguza maumivu zaidi. Lakini tangu kichwa cha ripoti ile wameiita njia ya kusaidiana na tiba nyingine. Ni nyongeza.

Kwa nini inafanya kazi? Maumivu si waya wa stima unaotoka mguuni ukafika kichwani moja kwa moja. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ubongo wenyewe unaweza kutuma ujumbe wa kulibana au kulifungua. Hofu hulifungua. Kushughulika na jambo jingine hulibana. Mwaka 2004 kina Hoffman waliwapasha watu wazima wenye afya joto la kuumiza huku mashine ikipiga picha ubongo wao. Walipokuwa ndani ya VR, sehemu za ubongo zinazohusika na maumivu zilipunguza kazi. Kwa hiyo Mzee wangu, si kumdanganya mtoto. Maumivu yenyewe yanapungua.

Ila sikiliza hili, Baba Neema, maana ndilo jibu lako. Mwaka 2007 walijaribu tena, safari hii wakipima dawa kali ya maumivu ya jamii ya mofini, VR, na vyote viwili kwa pamoja. Vikiunganishwa, watu walisema maumivu ni madogo kuliko dawa peke yake. Vikiunganishwa! Hakuna mahali walipomwambia muuguzi wa zamu afunge kabati la dawa.

Na tusiitukuze kupita kiasi. Mwaka 2020 Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, walikusanya majaribio 17 yenye watoto 1,008 wa miaka 4 hadi 18. Majaribio mengi yalikuwa madogo, na walisema uhakika wa ushahidi wenyewe ni mdogo hadi mdogo sana. Mimi nimeona mtoto akicheka huku anaoshwa mgongo, nimeona pia mwingine akitapika kwa kizunguzungu dakika ya tatu. Mwenye kifafa simvishi. Mwenye kidonda usoni utamvisha wapi?

Sasa kwa nini binti aliitupa. Miwani ni kitambaa cha macho pia. Siku ya kwanza dawa ilikuwa imeshaingia, kilichomfikia ni mguso na uchungu kidogo, akavumilia. Siku ya pili aliumia kwa ghafla asijue nani kamgusa, wapi, na kwa nini. Aliumizwa gizani. Hata mimi ningeitupa.

Keshokutwa fanya hivi. Fika mapema, mtafute msimamizi wa zamu, uliza: atapewa dawa gani, kiasi gani kwa kilo zake, na saa ngapi? Ya kunywa inataka nusu saa hadi saa nzima ndiyo ifanye kazi. Kidonda kikiwa kikubwa kuna dawa kali zaidi, mofini ya maji au ketamini, na hizo ni za kuamua daktari. Ukimpa parasetamoli nyumbani, SEMA, wasije wakamrudishia nyingine juu yake.

Na usimwambie "haitauma".

Mzee_wa_Eastlands
Jumapili, saa 5:10 usiku

Nimekusikia nesi. Glavu bado hazipo, lakini nimekusikia.

Nesi_wa_Zamu
Jumapili, saa 5:14 usiku

Mzee wangu, kwa glavu tuko pamoja. Ningepewa nichague kati ya miwani kumi na chupa za mofini zisizoisha kwenye kabati, nisingefikiria mara mbili.

Shosho_Dagoretti
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Mimi ni nyanya wa wajukuu sita, nasoma tu lakini leo naandika. Mjukuu wangu mmoja aliungua na uji mkono mzima. Hakukuwa na miwani wala nini. Nilikuwa nakaa kichwani kwake namtegea vitendawili. Kitendawili! Anajibu tega huku analia. Nyumba yangu haina mlango. Yai! Kuku wangu katagia mibani. Hapo alikuwa anasita, anafikiria, na nesi anavuta. Nanasi! Kama hajui ananipa mji. Alikuwa ananipa Mombasa kila siku, miji mingine hataki kunipa.

Siri ni moja, umtegee asichokijua. Anachokijua anajibu haraka, halafu anarudi kulia.

Nesi_wa_Zamu
Jumatatu, saa 12:45 asubuhi

Shosho, wewe umeshafaulu mtihani! Ndiyo maana mchezo wa kurusha mipira unafaa kuliko kutazama katuni tu: mtoto ana kazi ya kufanya, na kazi inakula akili. Ambacho kitendawili hakiwezi ni kukificha kile kibano. Jicho linakifuata tu.

Fundi_Luthuli
Jumatatu, saa 2:05 asubuhi

Niaje wadau. Mimi natengeneza simu hapa Luthuli Avenue. Watu wameanza kuniuliza inbox kama wanaweza kujitengenezea VR ya nyumbani, kwa hiyo najibu wote hapa mara moja.

Kuna kile kisanduku cha kadibodi chenye lenzi mbili, Google walikitoa 2014, unachomeka simu ndani. Siku hizi kuna vya plastiki, bei ya chini. Shida ni kwamba simu nyingi za bei nafuu hazina jairoskopu, kile kidude kinachoiambia simu umegeuza kichwa. Bila hicho, ukigeuka kushoto picha imeganda palepale. Hiyo si VR, hiyo ni kutazama video ukiwa umebandika simu kwenye pua. Pia simu inapata moto, na uzito wote uko mbele, shingo ya mtoto inachoka.

Ile ya kujitegemea, kama Quest, haihitaji simu. Ila bei yake si ya mchezo. Na Baba Neema, angalia umri. Meta wenyewe, wanaoitengeneza hiyo Quest, waliweka miaka 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10. Binti yako ana saba. Lenzi zimepangwa kwa umbali wa macho ya mtu mkubwa, mtoto anaweza kuona ukungu asiseme, akidhani ndivyo ilivyo. Muulize: samaki ni mmoja au wawili?

Kitu kingine, buda, ile sponji inayogusa uso. Jasho, machozi na kamasi za mtoto aliyetangulia. Kama hawaipanguzi mbele yako, ulizia.

BabaNeema_Kayole
Jumatatu, saa 4:30 asubuhi

Asanteni sana, nimesoma yote nikiwa kwenye matatu, barabara ya Outering imesimama kabisa. Nesi, hili la umri limenishtua. Nimsimamishe?

Na kuhusu "haitauma", nakiri. Nilimwambia hivyo mara zote. Tena mama yake ana ile yetu ya kila siku: "Nyamaza, ama daktari akudunge sindano." Tumemwambia tangu ana miaka miwili. Kumbe tumekuwa tukimtayarisha kwa miaka mitano amuogope mtu tunayemtaka leo amwamini.

Nesi_wa_Zamu
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Usijilaumu, hata mimi mama yangu alinitishia hivyo, nikaja kuwa wa kudunga.

Umri: wenye kampuni wanazungumzia mtoto anayecheza nyumbani. Hospitali ni dakika kumi hadi ishirini, mtu mzima yuko kando yake, na majaribio yamefanyika hata kwa wa miaka minne. Kule Texas, hospitali ya watoto ya Shriners mjini Galveston, walijaribu kwa watoto 48 wa miaka 6 hadi 17 walioungua vibaya sana, wakiwa wanaoshwa vidonda chumba cha wagonjwa mahututi. Hawakuwavisha kabisa, miwani ilining'inizwa kwenye mkono wa chuma mbele ya macho, mtoto akichoka anageuza kichwa. Kwa hiyo miaka saba si tatizo. Kumlazimisha ndiyo tatizo. Aliyekataa, amekataa.

Badala ya "haitauma", mwambie kitu cha kweli: itauma kidogo gozi ikitoka, halafu itapungua, na ukisema simama tutasimama. Kisha msimame kweli. Waambie na wauguzi wakubali neno hilo kabla hawajaanza.

Mama_Ryan
Jumatatu, saa 8:02 mchana

Nesi samahani, na mtoto mchanga je? Nina wa wiki tisa, wiki ijayo ana chanjo za wiki kumi. Hawezi kuvaa miwani.

Nesi_wa_Zamu
Jumatatu, saa 8:20 mchana

Mnyonyeshe wakati anadungwa au muda mfupi kabla. Mkae naye umempakata, usimlaze mezani. Shirika la Afya Duniani lilishauri hivyo 2015, pamoja na kwamba sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Akikuambia nesi "mtoe kwenye titi kwanza", mwombe kwa heshima akuache.

Wa kudungwa mshipa akiwa mkubwa kidogo, kuna krimu ya ganzi inayopakwa juu ya ngozi na kufunikwa. Inataka kama saa nzima, ndiyo maana huwa hatuitumii. Si kwamba haifai, ni kwamba hakuna anayemwita mgonjwa saa moja kabla.

Shosho_Dagoretti
Jumatatu, saa 8:41 mchana

Na maji! Mtu akiungua ni maji ya baridi, si dawa ya meno, si unga, si yai. Mwambieni yule jirani.

Nesi_wa_Zamu
Jumatatu, saa 8:44 mchana

Maji yanayotiririka, dakika 20. Bomba likiwa kavu, kama kawaida yetu, chota kwenye mtungi umwagie kwa jagi taratibu. Asante Shosho.

BabaNeema_Kayole
Jumanne, saa 2:10 usiku

Wadau, tumerudi. Nitaeleza yote maana mlinisaidia.

Jana usiku nilimwambia kwamba kesho itauma kidogo. Alinitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Kama ya nesi wa kwanza ama kama ya nesi wa pili?" Nikamwambia sijui, lakini nitauliza tukifika. Akala ugali nusu. Nikaona ni bora hivyo.

Asubuhi tulifika saa moja. Msimamizi wa zamu ni mama wa makamo, nikamsalimia shikamoo hata kama Nairobi watu hucheka ukiamkia hivyo. Nikamweleza yaliyotokea bila kumtaja mtu. Hakujitetea. Alifungua faili, akampima uzito upya (amepungua kilo moja na nusu tangu aungue), akaandika dawa, akaniandikia na saa kwenye kiganja changu kwa kalamu: 1:25. Akasema, "Kabla ya saa mbili na dakika tano hakuna anayegusa huo mguu. Akija mtu, mwonyeshe mkono."

Akaja mtu kweli, saa mbili kasorobo, kijana, ana troli. Nikamwonyesha mkono. Akacheka, akasonga kwa mtoto mwingine.

Miwani ililetwa, ikapanguzwa mbele yetu. Binti akatikisa kichwa. Hakuna aliyembembeleza. Iliwekwa tu kitandani kando yake. Msimamizi akamwonyesha ile karatasi ya nyuso sita, kutoka inayocheka ya sifuri hadi inayolia ya kumi, akamuuliza leo yuko uso gani. Akaonyesha yenye namba nne kabla hata hajaguswa. Wakakubaliana neno: "kasa". Akisema kasa, kila mtu anainua mikono.

Alisema kasa kabla gozi ya juu haijafunguliwa hata kidogo. Wakainua mikono wote. Akasema tena baada ya sekunde kumi. Wakainua. Nadhani alikuwa anawajaribu. Mara ya tatu walipoinua mikono, aliichukua miwani mwenyewe, akaniambia nimfungie ule mkanda wa nyuma.

Nikakumbuka, nikamuuliza samaki ni mmoja au wawili. Akasema ni wengi, Baba, ni bahari. Fundi, hilo swali lako lina kasoro.

Gozi ya ndani ilipoanza kuvutwa alinikaza vidole, akasema kasa, wakasimama, akapumua, akasema endeleeni. Mara mbili hivyo. Alilia, sitawadanganya. Lakini sauti haikuisha. Mwisho alionyesha uso wenye namba sita.

Sasa jambo ambalo sikulitegemea. Kabla hawajafunga upya alivua miwani akasema anataka kuona. Tangu aungue hajawahi kuutazama huo mguu, kila mara alikuwa anafumba macho au tumemfunika na leso ya mama yake. Msimamizi akamwinua kidogo. Akatazama. Pale kwenye paja ngozi mpya imeanza kuja, ya waridi, inang'aa.

Akasema, "Kumbe ni ndogo."

Si ndogo. Lakini sikumsahihisha.

Fundi_Luthuli
Jumanne, saa 2:25 usiku

Buda umeniliza hapa dukani na wateja wako.

Mzee_wa_Eastlands
Jumanne, saa 2:31 usiku

Huyo msimamizi apewe glavu. Na hiyo meko bado iko sakafuni?

BabaNeema_Kayole
Jumanne, saa 2:50 usiku

Mzee, hapana. Jumamosi fundi wa mbao alinitengenezea meza ya futi mbili na nusu, mia nane na mbao zangu. Imejaza chumba, tunapita kwa ubavu. Alhamisi tunarudi. Shosho, naomba vitendawili vigumu, ameshajibu vyangu vyote.

Shosho_Dagoretti
Jumanne, saa 3:05 usiku

Mtegee huu: Popoo mbili zavuka mto. Asipojua akupe mji, lakini usikubali Mombasa.